Joel Henry Hildebrand

Joel Henry Hildebrand (1881–1983) alikuwa mwanakemia wa Marekani, mzaliwa wa Camden, New Jersey, aliyefanya umumunyifu kuwa jambo la kukokotolewa badala ya kubahatishwa. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1906, na kuanzia 1913 akafundisha Berkeley, California.

Kitabu chake kuhusu umumunyifu kilitoka mwaka 1924. Katika toleo la 1950, aliloandika pamoja na Robert L. Scott, dutu hupewa namba inayoonyesha jinsi molekuli zake zinavyoshikamana. Dutu mbili zenye namba zinazokaribiana kwa kawaida huchanganyika. Kipimo hicho hufanya kazi vizuri kwa hidrokaboni, vibaya kwa maji na alkoholi.

Iodini ilimshughulisha sana. Katika tetrakloridi ya kaboni hutoa rangi ya zambarau, katika ethanoli hugeuka kahawia. Makala ya 1949, aliyoandika na Hans Benesi kuhusu iodini na benzini, ilizaa mlinganyo wenye majina yao, na ni miongoni mwa kazi zake zinazonukuliwa zaidi, mara nyingi na watafiti wasioshughulika na iodini kabisa. Aidha, alipendekeza wapiga mbizi wavute heli badala ya nitrojeni, kwa kuwa heli huyeyuka katika damu kwa kiasi kidogo kuliko nitrojeni.

Mwaka 1967 Charles Hansen aliigawa namba ya Hildebrand katika sehemu tatu, zinazotumiwa na watengenezaji wa rangi hadi leo.