Kamba Moja, Watu Watatu: Skii ya Maji Tangu 1922

Mwaka 1922 skii ilizaliwa upya mara mbili. Mwezi Januari, huko Mürren kwenye milima ya Uswisi, Mwingereza Arnold Lunn alichomeka bendera mbilimbili kwenye mteremko wa theluji, akawataka washindani washuke wakipinda katikati yake. Hakutaka kujua nani amepinda kwa madaha. Mshindi alikuwa yule aliyefika chini upesi zaidi. Hiyo ndiyo slalomu ya kisasa. Miezi michache baadaye, katika mji mdogo wa Lake City, jimbo la Minnesota, Marekani, kijana aliyebakiza siku moja kutimiza miaka 19 alifanikiwa kusimama juu ya maji ya ziwa Pepin.

Kijana huyo, Ralph Samuelson, alianza na mbao za pipa, zikamzamisha. Akajaribu skii za theluji, nazo zikamwangusha. Mwishowe alinunua mbao mbili zenye urefu wa mita 2.4 hivi, akachemsha ncha zake katika chombo cha shaba cha mama yake hadi zikalainika, akazikunja zitazame juu, kisha akafunga mikanda ya ngozi ya kushikia miguu. Kamba ilikuwa ya madirisha. Kishikio, pete ya chuma. Usukani aliushika ndugu yake, Ben. Siku kadhaa zilipita Ralph akimeza maji, mpaka Julai 2 alipojiegemeza nyuma na kuziacha ncha za skii zichomoze kabla boti haijaanza kuvuta. Akainuka.

Mwaka 1925 aliruka kutoka kwenye jukwaa lililoinama, lililopakwa mafuta ya nguruwe ili liteleze. Hataza, hata hivyo, hakuiomba. Mwaka huohuo Fred Waller wa New York, ambaye baadaye alibuni sinema ya Cinerama, alijipatia hataza ya skii zake za maji. Samuelson aliumia mgongo mwaka 1937, akaishia kufuga bata mzinga. Chama cha mchezo huo Marekani kilimtambua rasmi kuwa wa kwanza mwaka 1966 tu.

Wakati huo mchezo ulikuwa umeshakua bila yeye. Bustani ya Cypress Gardens ya Dick Pope, iliyofunguliwa Florida mwaka 1936, iligeuza skii ya maji kuwa maonyesho yaliyovuta umati. Mashindano ya kwanza ya taifa Marekani yalifanyika Jones Beach mwaka 1939, ya dunia huko Juan-les-Pins, Ufaransa, mwaka 1949. Mwaka 1972 mchezo huu ulionyeshwa katika Olimpiki ya Munich, ingawa haukupewa nafasi ya kudumu.

Slalomu ya majini ina maboya sita. Boti hupita katikati bila kupinda, katika njia yenye urefu wa mita 259, na mchezaji, akiwa juu ya skii moja, hulazimika kuzunguka kila boya, moja kulia, jingine kushoto. Boya liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati. Kwa wanaume mwendo wa juu ni kilomita 58 kwa saa, kwa wanawake 55. Anayemaliza maboya yote kwenye mwendo huo hapewi boti ya kasi zaidi, hukatiwa kamba. Huanzia mita 18.25 na kushuka hatua kwa hatua. Ikifika mita 11.25, kamba yenyewe haifiki kwenye boya, na mchezaji hujinyoosha mkono mmoja, mwili ukiwa karibu kulala juu ya maji, ili skii yake ipite upande wa pili.

Kwa hiyo nusu ya kazi iko kwenye boti. Boti ya kawaida huacha mawimbi makubwa nyuma yake, na kila anayevuka huyapiga kama matuta barabarani. Leo Bentz, mwalimu wa skii mjini Miami, alibuni boti ya kuacha mawimbi madogo, na mwaka 1961 ubunifu huo, Ski Nautique, ukachukuliwa na kiwanda cha Correct Craft. Mwaka 1968 Rob Shirley alianzisha MasterCraft huko Tennessee. Katika boti za aina hii injini hukaa katikati, na nguzo ya kufungia kamba husimama hapohapo, ili mvuto wa mchezaji usiyumbishe tezi. Mwendo, ambao dereva aliulinda kwa mkono na sikio, sasa husimamiwa na kompyuta inayosoma setilaiti.

Kwenye theluji, usalama ulitokana na mifupa iliyovunjika. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyeishi Oregon, alivunjika mguu mwaka 1937, akabuni kifungio kinachoachia kiatu mtu anapoanguka. Mwaka uliofuata Charles Minot Dole, ambaye naye alikuwa ameumia Vermont na kukosa msaada wa haraka, alianzisha kikosi cha waokoaji wa milimani cha Marekani.

Majini dereva hutazama mbele, kwa hiyo mtu wa tatu huhitajika kumtazama anayevutwa. Majimbo mengi ya Marekani yanamtaka mwangalizi huyo kisheria, ingawa baadhi hukubali kioo kipana. Lugha yao ni ya mikono: dole gumba juu, ongeza mwendo, chini, punguza, kiganja kikipita shingoni, zima injini. Aliyeanguka huinua mikono kuonyesha yu mzima, na injini huzimwa kabla hajasogelea rafadha.

Hatari iliyochelewa kueleweka haionekani wala hainuki. Uchunguzi uliofanywa Lake Powell, mpakani mwa Utah na Arizona, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kuwa gesi ya kaboni monoksidi hujikusanya nyuma ya boti kwa kiwango cha kuua, hata mahali pa wazi. Mwaka 2004 California ilipitisha sheria inayokataza watu kujishikiza kwenye jukwaa la tezi wakati boti inakwenda.