Amplifaya Moja, Spika Nyingi: Historia ya Sauti ya Uswahilini

Mwanafunzi anayetaka kuandika historia ya Dar es Salaam huelekezwa kwanza kwenye Nyaraka za Taifa. Ningependa aende pia Temeke au Manzese Jumamosi jioni, vijana wanapofunga muziki kwa ajili ya shughuli ya mtaani. Atawaona wakiunganisha jozi mbili tatu za spika kwenye amplifaya moja iliyotengenezwa kwa ajili ya sebule. Huo nao ni waraka.

Waraka huo una asili yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, uagizaji wa bidhaa uliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970, vyombo vya muziki viligeuka kuwa anasa. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Redio na amplifaya zilizokwishatumika ng'ambo zikafika mitaani, na fundi redio akawa mtu wa maana.

Mchiriku ulikulia katika mazingira hayo: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na vipaza sauti vya pembe. Jagwa Music walianza Mwananyamala mwaka 1992, redio nchini ikiwa bado ni ya Serikali. Singeli, iliyofuata na kupata studio kama ya Sisso huko Mburahati, ni mrithi wa mafundi hao kama ilivyo mrithi wa waimbaji.

Elimu ya mafundi hao tunaidharau bure. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, ukinzani hushuka hadi omu 4. Zikiwa nne, hubaki omu 2. Amplifaya nyingi za nyumbani hazihimili mzigo huo: mkondo huzidi, transista hupata moto na kuungua. Kwa hiyo fundi huunga mbili kwa mfuatano, apate omu 16, kisha huunga makundi mawili ya namna hiyo sambamba, na kurudi kwenye omu 8. Amplifaya hupona, lakini kila spika hupata robo tu ya nguvu. Wingi wa spika hauzalishi nguvu mpya. Huigawa ile iliyopo.

Somo hilo linawahusu pia watunga sera. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zina msingi wa haki: mgonjwa na mtoto anayejiandaa kwa mtihani wanastahili usingizi. Lakini kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 mkoa huu uliongezeka kutoka watu milioni 4.4 hadi milioni 5.4. Tuliwaongezea viwanja na kumbi ngapi za umma? Wazee wetu walikuwa na Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja. Kijana wa Mbagala ana barabara iliyo mbele ya nyumba ya bibi yake.

Kuzikamata spika bila kutenga mahali pa kuzifunga ni kutibu homa na kuacha malaria. Afisa atakayekwenda kuzima muziki usiku huu aende na kanuni mkononi. Kesho asubuhi afungue ramani ya kata, aoneshe ulipo uwanja wa wazi, na aseme ni nani aliyeuvamia.