Saa ya Makubaliano

Ukiwa Kigali na mwenyeji akakuambia kwa Kinyarwanda mkutane "saa mbiri", utamwelewa bila mkalimani. Neno hilo lina asili ya Kiswahili, na hesabu yake ni ileile inayoanzia mapambazuko.

Kabla ya saa ya ukutani, wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu waliigawa siku kwa mwendo wa jua na wa ng'ombe: wakati wa kukamua, wa kunywesha, wa kurudi zizini. Mchelewaji hakuhesabiwa dakika; kazi yenyewe ndiyo iliyomshtaki.

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt aliasisi Kigali. Askari na wafanyabiashara waliosema Kiswahili walifika, na majina ya saa yakaenea. Lakini neno jingine la Kiswahili liliingia pia: kiboko, ambalo Wanyarwanda hulitamka "ikiboko". Chini ya utawala wa Wabelgiji, watu walilazimishwa kufanya kazi za umma, na aliyekosa kufika aliweza kuchapwa. Saa ikawa mali ya mtawala. Je, tutamwita mvivu mtu aliyeburuta miguu kwenda kwenye kazi ya namna hiyo?

Leo Rwanda ina umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, iliyowekewa sheria mwaka 2007. Huanza saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka hufungwa na barabara hutulia. Asiyeshiriki bila sababu aweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Kiboko hakipo, ila wajibu upo, na baada ya kazi wakazi huketi kujadili mambo ya mtaa wao.

Kuna jibu jingine, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Novemba 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 shule zianze saa mbili na nusu asubuhi na kazi saa tatu. Hapo awali ofisi za umma zilifunguliwa mapema zaidi. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni ustawi wa familia na elimu ya watoto. Yaani, badala ya kumkaripia mchelewaji tu, serikali iliihoji saa yenyewe.

Wahenga walituachia methali mbili: "Kawia ufike" na "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Usizione kuwa zinapingana. Ya kwanza humsamehe aliyezuiwa na njia. Ya pili humwonya aliyezembea. Kuchelewa si tabia ya damu wala ya bara. Saa tuliyowekewa kwa nguvu ni mzigo. Saa tuliyokubaliana ni ahadi. Basi, kabla ya kumlaumu mwenzako, uliza kwanza nani aliyeipanga saa hiyo. Na kama uliipanga pamoja naye, wahi: anayekungoja anatumia sehemu ya maisha yake ambayo huwezi kumrudishia.