Jina la Aidarus: Lilikotoka na Waliolibeba

Alinijia kijana mmoja wa mtaani kwetu baada ya sala ya Alasiri, uso umemkunjamana. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku ya nne ile, akika imepangwa siku ya saba, na nyumba nzima imegawanyika kwa sababu ya jina. Yeye alitaka mtoto aitwe Aidarus, jina la babu yake mzaa baba. Shangazi yake akasema hilo si jina. Ni Idrisa lililoharibiwa na karani wa zamani. Na mjomba wa mkewe akasema jina ni jina, lakini ni la Masharifu, na asiyekuwa Sharifu akijitwalia ni kama aliyevaa joho la mwenziwe akaenda nalo harusini.

"Maalim," akaniuliza, "basi babu yangu aliishi na jina la makosa, au la wizi?"

Ndugu msomaji, swali lile lilinigusa, maana yule mzee nilimjua. Nikamwambia kijana anipe siku mbili, nikafunua vitabu. Haya ndiyo niliyomjibu, na naona yafaa wengine wayasome, kwani jina hili, japo si la kila mtaa, halikosekani katika pwani yetu.

Tuanze na la shangazi, kwa kuwa ndilo jepesi. Idrisa ni jina la Nabii Idris (A.S.), aliyetajwa katika Qurani Tukufu ndani ya Sura Maryam na Sura Al-Anbiyaa. Jina lake laanza kwa alif: alif, dal, ra, ya, sin. Ama Aidarus laanza kwa ain: ain, ya, dal, ra, wau, sin. Kwa Kiarabu mtu hawezi kuyachanganya. Lakini ulimi wa Kiswahili huilainisha ain ikawa irabu tu, basi jina likapata sura nyingi: Aidarus, Aidarusi, Idarus, Idarusi, na ndugu zetu wa Ngazija, waliosomeshwa maandishi ya Kifaransa, huliandika Idarousse. Hapo ndipo makarani walipokosea. Nami nimewahi kukaa mbele ya meza ya ofisi moja nikimsemea mzee mwenye jina hili, karani akaandika Idrisa mara mbili, na nilipomsahihisha akaniambia, "Si yote mamoja?" Si mamoja. Moja ni la Nabii, na la pili lina mwenyewe, naye ana mji wake na tarehe yake.

Mji huo ni Tarim, katika bonde la Hadhramaut. Ukoo wa Baa Alawi wamrudia Imam Ahmad bin Isa, aliyeitwa Al-Muhajir, aliyeondoka Basra mwaka 317 Hijria (929) akahamia nchi hiyo. Kizazi chake kilipokuwa kingi ikazuka taabu ambayo sisi wa pwani twaifahamu vyema: kila nyumba ina Abdallah, ina Ali, ina Abubakar, ina Umar. Ukimwita Abdallah msikitini hugeuka watu kumi. Dawa yake ikawa lakabu. Huyu akaitwa Assaqqaf, yaani wa sakafu au dari. Huyu akaitwa Al-Attas, mwenye kupiga chafya. Huyu Al-Haddad, mhunzi, kwa ajili ya kukaa karibu na duka la mhunzi. Huyu Al-Habshi kwa kuwa alisafiri Uhabeshi. Na huyu Jamalu-Lail, uzuri wa usiku, kwa kuwa alikesha akisali. Majina haya leo ni ya koo kubwa za Lamu na Mombasa na Unguja, na wengi huyatamka pasi na kukumbuka kwamba kila moja lilianza kwa mtu mmoja na kisa chake.

Aidarus ni mwenziwao. Mwenye lakabu hii ni Imam Abdallah bin Abubakar, aliyezaliwa Tarim mwaka 811 Hijria (1408) na kufa mwaka 865 (1461). Babu yake ndiye huyo Abdurrahman Assaqqaf. Baba yake, Abubakar, naye alikuwa na lakabu ya ajabu: Assakran, aliyelewa, na ulevi wenyewe si wa kinywaji bali wa mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Baba alikufa mwaka 821, mtoto ana umri wa miaka kumi tu, akalelewa na ami yake Umar Al-Mihdhar, ambaye baadaye alimwoza binti yake. Ami alipofariki mwaka 833, Abdallah akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Masharifu wa Tarim walimweka awe mkuu wao. Wasimulizi wanasema mzee mmoja wa Jamalu-Lail ndiye aliyetakiwa kwanza, akakataa, akamwelekeza kijana yule yatima.

Na maana ya Aidarus? Wengi katika walioandika juu ya nasaba za Hadhramaut hulirejesha kwenye sifa za simba, kwa nguvu na haiba yake. Wengine hulifasiri kwa namna nyingine. Mimi sioni haja ya kukata hukumu. Jambo moja li wazi: kabla ya mtu huyu halikuwa jina la kumwita mtoto. Huyu Imam alijulikana zaidi kwa kuwahimiza watu wasome Ihyaa ya Imam Ghazali kuliko kwa kutisha kama simba, na naona hilo lamfaa zaidi mwenye kumwita mwanawe kwa jina lake.

Lakabu ile ingeweza kubaki Tarim, lau si mwanawe, Abubakar bin Abdallah Al-Aidarus, aliyezaliwa mwaka 851 Hijria (1447). Huyu aliteremka hadi Aden, mji wa bandari, akakaa huko kiasi cha miaka ishirini na mitano mpaka alipofariki mwaka 914 (1508). Watu wa Aden walimpenda hata wakamwita Al-Adani. Alikuwa mkarimu kupita mali yake. Yasimuliwa kwamba alipitia katika madeni makubwa kwa kulisha watu, na kwamba yalilipwa kabla hajafa. Wako pia wanaomtaja katika habari za mwanzo wa kunywa kahawa, na wapenda kahawa wa barazani watafurahi kwa hilo. Msikiti wake na kaburi lake viko katika mtaa wa Crater, na kwa karne nyingi ziara yake imekusanya watu wa mji na wa bara. Mwaka 1994, baada ya vita vya Yemen, walitokea watu wasiokubali ziara wakayavamia na kuyaharibu makaburi hayo. Lakini watoto wa Aden waliendelea kuitwa Aidarus.

Hapa ndipo penye siri ya jina hili. Muhammad, Ibrahim, Yusuf, Umar, Hasan: haya yafika popote ifikapo Qurani na sira ya Mtume (S.A.W.), hata asipofika mtu. Ama Aidarus halimo katika Qurani wala katika majina ya Masahaba. Halina wa kulichukua ila watu wenyewe: mwalimu, mfanya biashara, nahodha aliyeweka nadhiri baharini. Kwa hiyo lilikwenda walikokwenda wao, na pasipofika wao halijulikani. Ndiyo maana ni adimu, na ndiyo maana ukilikuta mahali waweza kujua kuwa bahari ya Aden imepita hapo.

Lilivuka mpaka Bara Hindi, na katika mji wa Ahmadabad alizaliwa mwaka 1570 Abdulqadir Al-Aidarus, mwandishi wa An-Nur As-Safir, kitabu cha habari za watu wa karne ya kumi ya Hijria. Lilifika Jawa, kaburi la Habib Husein Alaydrus, aliyefariki 1756, liko kwenye msikiti wa Luar Batang mjini Jakarta. Hawa wote lakini ni wa ukoo wenyewe, na jina kwao ni la ukoo. Tunalotafuta sisi ni lini na wapi liligeuka likawa jina la kwanza la mtu, akaitwa nalo mtoto ambaye ukoo wake ni mwingine.

Mfano mmoja mkubwa tunao hapa hapa kwetu. Mwenye kuitia katika Kiswahili Hamziyya ya Imam Al-Busiri, kwa lugha ile ya kale ambayo leo twaisoma kwa kusaidiwa, ni Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate. Nasaba yake haiendi kwa Al-Aidarus. Yeye ni wa kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, aliyefariki mwaka 992 Hijria (1584), nyumba ile ile iliyomtoa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi. Basi baba yake, Athman, alichukua lakabu ya nyumba nyingine akampa mwanawe kwa kutaka baraka. Mfano wa pili uko mbali, katika kisiwa cha Sulawesi: Sayyid Idrus bin Salim Al-Jufri, aliyezaliwa Hadhramaut mwaka 1892, akaasisi madrasa ya Alkhairaat mjini Palu mwaka 1930, akafa huko 1969. Uwanja wa ndege wa Palu una jina lake. Herufi SIS katika jina la uwanja huo ni Sayyid Idrus bin Salim.

Mjomba angesema: hao nao ni Masharifu. Sawa. Lakini Idrus, mwandishi mashuhuri wa hadithi wa Indonesia (1921–1979), alikuwa mtu wa Padang. Na Aidarus Az-Zubaidi, aliyekuwa gavana wa Aden kutoka 2015 hadi 2017, nisba yake ni ya kijiji cha kwao katika jimbo la Dhalea, si ya Tarim. Siasa zake si mada yetu hapa. Namtaja kwa kuwa aonyesha jinsi jina lilivyoshuka mpaka kwa watu wa kawaida wa nchi ile.

Hata hivyo neno la mjomba si la kutupwa lote. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura Al-Ahzab tuwaite watu kwa baba zao, na Mtume (S.A.W.) amemkemea vikali mwenye kujinasibisha na asiyekuwa baba yake. Lakini hiyo ni nasaba. Kumwita mtoto Aidarus bin fulani, ukamtaja na baba yake wa kweli, si kudai nasaba ya mtu, kama vile anayemwita mwanawe Umar hadai kuwa ni Al-Faruq. Kosa ni kuongeza Al- mwishoni mwa jina, likakaa mahali pa ukoo katika paspoti au kadi ya harusi, ili watu wadhani. Haya tumeyaona, na baadhi ya walioyafanya walifanya kwa uchumba. Hilo ndilo joho la kuazima.

Siku ya saba nilikuwapo. Mbuzi wawili walikwisha chinjwa na nyama yagawanywa uani. Shangazi aliniletea kipande cha karatasi na kalamu bila ya kusema neno; nikamwandikia kwa Kiarabu: ain, ya, dal, ra, wau, sin. Akakitazama sana, akauliza iwapo babu mtu naye aliandikwa hivyo. Nikamwambia ndiyo. Mjomba ndiye aliyembeba mtoto, akanyolewa nywele za kuzaliwa nazo, akaitwa Aidarus, na jina la baba yake likafuatia. Jumatatu baba mtu alikwenda kuandikisha kizazi, karatasi ile ya shangazi mfukoni, na alisimama nyuma ya bega la karani mpaka herufi ya mwisho.