Ukarabati wa boti kuukuu ya faiba iliyooza mbao za ndani

Ukarabati wa aina hii ni kazi ya kuondoa mbao zilizooza ndani ya boti iliyojengwa kwa nyuzi za kioo na resini, kuweka nyingine mahali pake, na kuzifungamanisha na ganda ili boti irudie nguvu zake za awali. Wengi hudhani boti ya faiba haina mbao. Kwa kweli boti nyingi ndogo zilizotengenezwa viwandani kati ya miaka ya 1960 na 1990, hasa Marekani, zina mbao mahali panapobeba mzigo mkubwa kuliko pote: ubao wa tezi, yaani ukuta wa nyuma unaopachikwa mashine, mihimili inayolala kwa urefu chini ya sakafu, na sakafu yenyewe. Ganda la faiba huweza kupitisha nusu karne likiwa zima wakati mbao hizo zimekwisha kuoza.

Mwaka 1942 Ray Greene wa Toledo, katika jimbo la Ohio, alijenga mojawapo ya boti za kwanza za nyuzi za kioo na resini ya poliesta. Miaka ya 1950 ilipokuwa inaisha, viwanda vilikuwa vimeshapata soko. Richard Fisher alianza kuuza Boston Whaler ya futi 13 mwaka 1958, na mwaka 1961 jarida la Life likachapisha picha zake akiwa ndani ya boti hiyo huku ikikatwa kwa msumeno, vipande vyote viwili vikiendelea kuelea. Pearson Triton, mashua ya tanga iliyosanifiwa na Carl Alberg, ilitoka mwaka 1959 na zikajengwa zaidi ya 700. Sitaha yake ilikuwa na mbao nyepesi ya balsa iliyobanwa kati ya tabaka mbili za faiba. Bertram 31, iliyotokana na umbo lililosanifiwa na C. Raymond Hunt, ilifuata baada ya boti ya majaribio ya mbao, Moppie, kushinda mashindano ya Miami hadi Nassau mwaka 1960. Boti za kizazi hicho bado zinafufuliwa hadi leo, kwa sababu maumbo yake yanapita vizuri kwenye mawimbi na maganda yake yalijengwa manene.

Sababu ya kutia mbao ni hesabu ya ukakamavu. Faiba ina nguvu kubwa ya kuvutwa, lakini bamba lake likiwa jembamba hupinda kwa urahisi. Unene ukiongezwa mara mbili, ukakamavu huongezeka takribani mara nane. Kuupata unene huo kwa kioo na resini pekee ni ghali na ni mzigo. Plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote huutoa kwa bei ndogo. Mpango huo ni mzuri maadamu mbao ni kavu.

Jinsi kuoza kunavyoanza

Kuvu wanaokula mbao huhitaji unyevu, hewa na joto la wastani. Mbao iliyo chini ya asilimia 20 ya unyevu haiozi. Ikivuka hapo na kukaribia asilimia 30, kuvu hustawi. Mbao iliyozama kabisa majini huoza polepole kwa kukosa hewa, na chumvi ya bahari huwapunguzia kuvu nguvu. Ndiyo maana mvua huharibu boti hizi kuliko bahari. Boti iliyoachwa uani bila turubai, maji ya mvua yakituama kwenye ngama, huoza upesi kuliko ile inayovua kila siku.

Maji hayapiti kwenye ganda. Hupita kwenye matundu ambayo binadamu ametoboa: boliti za mashine, skrubu za ngazi, skrubu za kifaa cha kutafutia samaki, miguu ya viti, na hasa tundu la kizibo cha kutolea maji lililo chini kabisa ya ubao wa tezi. Viwanda vingi vilitoboa tundu hilo kupita katikati ya plaiwudi na kuacha kingo zake bila resini. Wenye boti nao waliongeza matundu yao kila msimu. Maji yakishaingia kati ya tabaka mbili za faiba hayana njia ya kukaukia. Katika jahazi au dau, ubao huonekana, huguswa, hukalafatiwa na kupakwa sifa (mafuta ya papa), na uliooza hujulikana mapema. Ubao uliofungwa ndani ya faiba huoza kimyakimya hadi siku mashine inapoanza kutikisika.

Uchunguzi

Uchunguzi huanza kwa kugonga. Nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki hutoa mlio mkali palipo pazima na mlio mzito, usio na mwangwi, palipooza au pale faiba ilipoachana na mbao. Kisha mtu huisukuma mashine kutoka chini au kusimama juu ya mguu wake: ubao wa tezi ukionekana kupinda, hauna maisha. Nyufa kwenye pembe ambapo ubao huo unakutana na mbavu za boti husimulia habari ileile.

Jibu la uhakika hutoka kwenye keekee. Matundu madogo ya milimita 5 au 6 hutobolewa kutoka upande wa ndani, chini karibu na kizibo na kando ya boliti za mashine, bila kufika tabaka la nje. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni dalili njema. Unga mweusi, uliolowa, wenye harufu ya uchachu unamaanisha sehemu hiyo itakatwa. Vipima unyevu vya mkononi husaidia kulinganisha sehemu moja na nyingine, lakini chumvi na baadhi ya rangi za chini ya boti huvidanganya, na si salama kununua boti kwa kuvitegemea peke yake.

Povu la kuelea nalo lichunguzwe. Kwa Sheria ya Shirikisho ya Usalama wa Boti ya 1971, Marekani ilianza kudai kwamba boti ndogo za chini ya futi 20 ziwe na uwezo wa kuelea hata zikijaa maji, na viwanda vingi vilimwaga povu la poliuretani chini ya sakafu. Povu hilo hunyonya maji polepole kadiri miaka inavyopita. Lita 200 za maji ni kilo 200 zinazobebwa kila safari, na zinailoanisha mihimili usiku na mchana. Boti inayokaa chini majini kuliko zamani, au ambayo trela lake limeanza kulemewa, inafaa kupimwa uzito kabla ya lolote.

Ganda lisipoteze umbo

Hatua ya kulinda umbo la ganda ndiyo inayoharibu kazi nyingi, na ndiyo inayopewa nafasi ndogo mno katika maelekezo. Sakafu na mihimili ikishatolewa, ganda hubaki ngozi inayolegea. Likiwa limekaa kwenye trela lenye viegemeo vinne, hubonyea juu yake na kushuka katikati. Mihimili mipya ikigandishwa katika hali hiyo, upotofu huo unakuwa wa kudumu: chini ya boti hubaki na bonde au nundu, na inapokimbia huinamisha omo au kurukaruka hata katika bahari tulivu. Hakuna rangi itakayoficha hilo.

Kwa hiyo boti hushushwa kwenye vitanda vya mbao vilivyokatwa kufuata mzingo wa ganda, vingi na vya karibu karibu, na hupimwa kwa uzi ulionyoshwa kutoka omo hadi tezi kabla msumeno haujawashwa. Vipande vya mbao hufungwa kukatiza juu ili kingo za boti zisifunguke. Palipo na nafasi, mihimili hubadilishwa mmoja mmoja, au upande mmoja kwanza, wa pili ukishikilia umbo. Kila kitu kinachotolewa hupimwa na kupigwa picha: urefu wa mhimili kutoka kwenye ganda, umbali wake na mkuku, mwinuko wa sakafu. Ubao wa tezi uliooza, hata ukitoka vipande vipande, huhifadhiwa ili uwe kielelezo cha mpya.

Kukata

Ubao wa tezi huweza kuingiwa kutoka ndani au kutoka nje. Kwa ndani, ngozi ya ndani hukatwa na ngozi ya nje, yenye rangi na umbo la asili, huachwa ilivyo. Njia hii ndiyo bora kama sakafu inatolewa pia, kwa sababu ubao mpya unaweza kufungwa kwenye mbavu na kwenye mihimili kwa tabaka pana za faiba. Kwa nje ni haraka, lakini maungio yote hubaki mahali panapoonekana na panapopigwa na maji. Mbao zilizolowa hutolewa kwa patasi na mtaimbo. Zilizobaki kavu hung'ang'ania na hudai grainda. Ganda lote linalotarajiwa kupokea resini mpya husagwa hadi faiba safi ing'ae, kwa kuwa resini mpya juu ya faiba ya zamani hushika kwa mikwaruzo tu.

Wapo wanaotoboa matundu kadhaa na kumimina epoksi nyepesi ndani ya mbao iliyooza wakitumaini itagandisha yote. Epoksi haipenyi mbao iliyojaa maji, na mbao iliyopoteza nyuzi zake haina cha kushikwa. Kwa kifuniko cha sanduku la zana inaweza kupita. Kwa ubao unaobeba mashine na maisha ya watu, haifai.

Mbao na resini

Plaiwudi ya majini ya kiwango cha BS 1088 ndiyo hupendekezwa zaidi: tabaka zake hazina mapengo ndani na gundi yake hustahimili kuchemshwa. Nyingi hutengenezwa kwa okoume, mti wa Gabon, ambao ni mwepesi lakini hauna kinga ya asili dhidi ya kuvu. Ulinzi wake wote ni resini inayoufunika. Ubao wa tezi wa boti ndogo kwa kawaida ni plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja, na urefu wake hufuata mguu wa mashine: milimita 381, 508 au 635. Katika pwani ya Afrika Mashariki fundi huweza kufikiria mvule au msaji kwa mihimili, kwa kuwa huvumilia kuoza. Lakini mbao nzima hutanuka na kusinyaa ndani ya faiba hadi ikaipasua, na msaji una mafuta yanayosumbua gundi. Plaiwudi kavu, yenye unyevu usiozidi asilimia 12 hivi, hutulia zaidi.

Kuhusu resini, hukumu ya makala haya ni epoksi. Poliesta ni rahisi na ndiyo iliyotumika kiwandani, ila husinyaa inapoganda na hushika mbao vibaya. Boti nyingi zilizooza zilianza kwa poliesta kuachana na plaiwudi. Epoksi hushika mbao na faiba kuukuu kwa nguvu zaidi. Inadai nidhamu, maana uwiano wake na kigumishi, iwe mbili kwa moja au tano kwa moja kulingana na mtengenezaji, haubadilishwi. Kigumishi kikizidishwa huiacha laini milele. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam hutumika kigumishi cha polepole, na mchanganyiko humwagwa kwenye sinia pana, kwani ukiachwa kwenye kopo hupata moto hadi kutoa moshi. Mkeka wa nyuzi fupi, ambao gandisho lake huyeyushwa na stairini iliyomo kwenye poliesta, haufai kwa epoksi isipokuwa ulioshonwa.

Kufunga upya

Plaiwudi hupakwa epoksi pande zote na kwenye kingo kabla ya kuingia botini. Hugandishwa kwenye ngozi ya nje kwa epoksi iliyokorezwa kwa unga hadi ifikie uzito wa siagi ya karanga, na hubanwa sawasawa hadi ute utoke pembeni. Pembe zote za ndani hujazwa mviringo wa epoksi hiyo, kwa sababu nyuzi za kioo zikikunjwa kwenye pembe kali huacha mifuko ya hewa. Kisha hufuata tabaka za kitambaa cha nyuzi zilizoelekezwa digrii 45, kila tabaka pana kuliko lililotangulia. Pale faiba ya zamani inapounganishwa na mpya, ukingo hupunguzwa kwa mteremko wa mara 12 ya unene: ngozi ya milimita 5 hudai mteremko wa milimita 60. Kati ya tabaka zilizokwisha kuganda, utando unaofanana na nta unaotokea juu ya epoksi huoshwa kwa maji na kusuguliwa.

Kila tundu la boliti hutobolewa kubwa kuliko linavyotakiwa, hujazwa epoksi iliyokorezwa, na hutobolewa tena katikati kwa kipimo sahihi. Mbao haigusi boliti wala maji. Tundu la kizibo hufanyiwa vivyo hivyo. Mahali pa povu, wengi siku hizi huacha njia ya maji kando ya mkuku ili ngama iweze kukauka.

Vumbi la faiba na mvuke wa resini ni hatari halisi. Barakoa yenye kichujio cha vumbi na cha mvuke, miwani, na glovu ni sehemu ya vifaa kama msumeno ulivyo. Kichocheo cha poliesta kikiingia jichoni huweza kupofua, na ngozi iliyokwisha kuzoeshwa mzio wa epoksi hubaki nao maisha yote. Epoksi ikimwagikia mwilini huoshwa kwa sabuni, kamwe si kwa asitoni, inayoisukuma ndani zaidi.

Boti ikishapakwa rangi hupimwa uzito tena, mashine hufungwa, na safari ya kwanza hufanywa karibu na pwani. Baada ya saa chache za kazi boliti za mashine hukazwa upya, na kuta za ubao wa tezi hugongwa tena kwa nyundo ileile.