Benchi la Jumanne

Kliniki ninakochukua dawa ina milango mitatu, na mlango wangu umeandikwa "Akili". Jumanne moja kila mwezi nakaa kwenye benchi lililo mbele ya mlango huo pamoja na wenzangu: kijana anayezungumza na ukuta, mama ambaye hapati usingizi tangu ajifungue, na mzee mmoja mcheshi ambaye sijawahi kujua anaumwa nini. Mimi nina kifafa. Siku ya kwanza nilipopelekwa pale, nikiwa na miaka 11, nilimwambia mama kwa hasira, "Mimi si kichaa, mimi naanguka tu!" Mama hakunijibu. Alivuta khanga akajifunika uso, maana jirani yetu alikuwa anapita.

Swali la siku ile sijaliacha mpaka leo. Ugonjwa wangu ni wa mwili au wa akili? Na nani aliyeamua nikae benchi lile? Nilipokua nikaanza kupekua vitabu, nikakuta watu wamegombania jambo hili kwa zaidi ya miaka 2,000, na kila walipofikia uamuzi, mgonjwa ndiye aliyehamishwa mahali pa kula na pa kulala.

Sisi tunasema kifafa "kimemshika". Wagiriki wa kale nao walisema hivyo hivyo. Neno lao, ambalo Wazungu wanalitumia hadi sasa, lina maana ya kushikwa. Wakauita ugonjwa mtakatifu, eti miungu ndiyo inayoshika. Karibu mwaka 400 kabla ya Kristo ukatokea uandishi mmoja, unaowekwa pamoja na vitabu vya Hippocrates, ukapinga waziwazi: ugonjwa huu hauna utakatifu kuushinda mwingine wowote, chanzo chake ni ubongo, na wanaosingizia miungu wanaficha kutojua kwao. Mwandishi yule alikuwa sahihi, lakini nani alimsikiliza? Ilibidi kungoja mpaka 1924, ndipo Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alipofaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kutoka juu ya fuvu. Kifafa ni umeme huo unapolipuka kwa wingi mahali pamoja au kichwani kote. Nilipomweleza bibi habari hii alicheka sana. "Umeme kichwani, mjukuu wangu? Nyumba yenyewe hii haina."

Bibi yangu anaishi huko Mahenge, milimani, wilaya ya Ulanga. Kwake nimejifunza sehemu ya historia hii ambayo vitabu vinaipita haraka. Mtoto akipata degedege, wazee walimfukiza kwa mavi ya tembo, na mtu mzima akianguka hakuguswa, kwa sababu povu la mdomoni liliaminika kuambukiza. Mdogo wake mama, yaani mjomba wangu, alianza kuanguka akiwa kijana mdogo. Akapewa kikombe chake cha bati na sahani yake, halafu kibanda chake nyuma ya nyumba. Usiku mmoja alianguka kwenye moto, kati ya mafiga, peke yake. Waliosikia harufu walikuwa wapo, lakini waliogopa povu. Alipona akiwa na mkono mmoja usiokunjuka, akaishi miaka mingine michache, mto ukamchukua.

Nayasema haya si kwa kuwalaumu Wapogoro, ambao ni watu wangu. Walikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wengi. Mwaka 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge, kwa kuwa aliwakuta wagonjwa wengi kupita kiasi, wengi wao wakiwa na makovu ya moto na wametengwa. Aliwaona pia watoto ambao kichwa kilikuwa kikiinama na kuinuka kama cha mtu anayesinzia. Wenyeji walisema "amesinzia kichwa". Mwaka 1965 aliandika habari za kifafa cha Wapogoro katika jarida la madaktari. Miaka mingi ikapita kabla dunia haijashtuka, pale ugonjwa kama huo wa kusinzia ulipoonekana kwa mamia ya watoto Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Sasa wataalamu wanauhusisha na usubi, yaani yule mnyoo anayeletwa na nzi wadogo weusi wazaliao kwenye mito iendayo kasi, ambaye tulizoea kumjua kwa kupofusha macho. Namna hasa anavyofika kuvuruga ubongo bado inabishaniwa. Lakini angalia: kumbe familia moja kuwa na wagonjwa watatu haikuwa laana. Wote walichota maji mto mmoja.

Dawa aliyoitumia daktari yule ndiyo ninayomeza mimi, fenobabitoni. Nayo ina kisa chake. Mwaka 1912, katika mji wa Freiburg, kijana mmoja daktari aitwaye Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa hiyo mpya ya usingizi. Husimuliwa kwamba alitaka tu usiku upite kwa utulivu. Akaona ajabu: hata mchana wakawa hawaanguki kama zamani. Ni dawa ya bei ndogo, na ndiyo maana imefika mpaka vijijini kwetu.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo niliposhindwa kulala siku nilipokisoma. Mwezi Julai 1933, nchi ile ile iliyotoa dawa yangu ilitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu wenye maradhi yaliyodaiwa kuwa ya kurithi, na kifafa kilikuwemo kwenye orodha, pamoja na wazimu, upofu na uziwi. Inakadiriwa watu wapatao 400,000 walikatwa uzazi. Hauptmann mwenyewe alikuwa Myahudi. Alipoteza kazi yake chini ya Wanazi, akakimbilia Marekani, akafia huko. Na usidhani ni Wajerumani peke yao. Uingereza, sheria ya ndoa ya 1937 iliruhusu ndoa kubatilishwa ikiwa mmoja alikuwa na kifafa siku ya kufunga ndoa, na kifungu hicho kiliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo shangazi wa mchumba wangu, anayetaka kujua "ukoo wa binti una ugonjwa gani", ana wenzake wengi waliovaa suti na kukaa bungeni.

Na benchi? Hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika nchi yetu ni Lutindi, milima ya Usambara. Wamisionari wa Kijerumani waliianza 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa ya wagonjwa wa akili. Misheni ya Usambara ilikuja kuongozwa kutoka Bethel, kule Bielefeld, na Bethel yenyewe ilianzishwa 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Nikafurahi, nikasema nimempata babu wa benchi langu! Kumbe tangu huko nyuma wanaoanguka na wanaosikia sauti walilazwa chini ya paa moja, kwa huruma na pia kwa kutojua waende wapi. (Huruma yenyewe haikutosha: sheria ya 1933 ilipokuja, wagonjwa wa Bethel nao walihasiwa.) Sababu ya leo ni nyepesi zaidi. Madaktari wa ubongo ni wachache mno nchini, na muuguzi wa akili ndiye anayeizoea dawa yangu.

Basi nikaridhika kwamba nimekaa pale kwa makosa ya historia. Mimi ni wa mwili, wale wengine ndio wa akili. Nilijiona mjanja kidogo.

Mwaka niliofikisha miaka 22 sikuanguka hata mara moja. Dawa ilifanya kazi. Lakini nilikuwa nikiamka asubuhi siku inanilemea kama gunia, sitaki kula, sitaki kwenda kanisani kwa kuogopa kuanguka mbele za watu, najiuliza mto uliomchukua mjomba ulikuwa na kina gani. Hakuna aliyejua. Jumanne moja muuguzi alijaza kadi yangu, akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Dada, unalala? Unalia?" Hakuna mlango mwingine pale kliniki ambako ningeulizwa hivyo. Nililia pale pale, na mzee yule mcheshi akanipisha upande wa ukutani ili watu wasinione. Nilianza kutibiwa huzuni ile nayo, na tangu hapo sijagombana tena na maandishi ya mlangoni, ingawa ningependa yaandikwe upya.

Mwezi uliopita nilimpeleka mchumba wangu. Nilitaka aone kwanza, ndipo shangazi zake waje nyumbani. Alikaa benchini, akasalimiana na kijana wa ukutani, akasoma kadi yangu ukurasa kwa ukurasa, halafu akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na ndugu yeyote.

"Ukianguka nifanye nini?"

Nikamwambia: ondoa vitu vigumu karibu, nilaze ubavu, legeza nguo shingoni, usinibane mikono, tazama saa. Zikipita dakika 5, tafuta gari.

"Na kijiko? Si huwa wanaweka kijiko mdomoni?"

Nikamwonyesha jino langu la mbele, lile lililokatika nilipokuwa darasa la tano.

"Kijiko kiache jikoni," nikamwambia.