Waya Ulitupita Amagoro, Kwa Hivyo Acheni Kutupa Kompyuta za Mezani

Kuna maneno nayasikia sana huku kwetu, kuanzia Amagoro mpaka Malaba: "Hiyo kompyuta ni ya kizamani, hata Wi-Fi haina, uza kwa kilo." Wasee, ngojeni kidogo. Hiyo mashine haikukosa Wi-Fi kwa sababu ni mbovu. Walioiunda walikuwa wanafikiria nyumba ambayo si yetu.

Turudi nyuma. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitoka 1997, kasi yake megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka wa 1999 ikafika 11. Machi 2003 Intel wakaleta Centrino, na kuanzia hapo laptopu kununuliwa ikiwa na Wi-Fi ndani likawa jambo la kawaida. Kompyuta ya mezani ikaachwa na tundu la waya tu kule nyuma. Kwa nini? Kwa sababu kule Marekani na Ulaya haiendi popote. Inakaa mezani, laini ya simu iko ukutani, waya wa mita mbili unamaliza kazi.

Sasa niambie ni nyumba ngapi Amagoro ziliwahi kuwa na laini ya simu ukutani.

Sisi waya tumezoea kuuona ukipita. Reli ilifika Kampala 1931 kupitia hapa Malaba, na mawasiliano ya reli yakapita nayo. Mwaka wa 2005 KRA walileta mfumo wa Simba, na makaratasi ya forodha yakaanza kuingizwa kwa kompyuta. Madereva wa matrela watakuambia foleni ya Malaba mtandao ukianguka inafanana vipi. Wakati huo intaneti ya nchi nzima ilitegemea setilaiti, ghali na polepole. Ndipo 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikaanza kazi Mombasa. Faiba ikapanda bara mpaka mpakani, ikavuka kwenda Uganda. Ikavuka, manze! Kushuka hapa njiani hadi kwa duka la mama yako, hiyo ni stori nyingine.

Kwetu intaneti ilikuja kwa hewa. 3G iliingia Kenya 2007 na 2008, na wengi wetu huku tulikutana na intaneti kwa simu au kwa ile modemu ndogo ya USB. Kwa hivyo kuiongezea kompyuta ya zamani Wi-Fi, kwa mtu wa Nairobi ni starehe, anakwepa waya sebuleni. Kwa mtu wa Amagoro ndiyo njia pekee ya hiyo mashine kuongea na dunia. Ndiyo maana mimi huona uchungu nikiona maabara ya shule ina kompyuta zimefunikwa vitambaa kama maiti, eti "hakuna mtandao", na mwalimu ana hotspoti mfukoni.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kadi ya kuchomeka ndani, PCI au PCI Express kulingana na umri wa mashine. Ni imara, ila antena zinakaa nyuma ya boksi la chuma, limesukumwa ukutani, halafu unashangaa mbona mtandao hafifu. Ya pili ni kile kidude cha USB. Usikichomeke nyuma, tumia waya wa kurefusha, kiinue juu ya meza. Na angalia tundu lenyewe: USB 1.1 haipiti megabiti 12, wakati USB 2.0, iliyotoka 2000, inafika 480. Pia vidude vya zamani sana vinajua usalama wa WEP pekee. Huo ulivunjwa tangu 2001, na ikiwa rauta imewekwa WPA2, havitaunganishwa.

Shida kubwa huwa ni draiva. Kidude kinataka draiva kutoka kwa intaneti, na intaneti inasubiri kidude. CD waliyokupa haina pa kuingia.

Hapo ndipo njia ya tatu inanifurahisha. Tangu Android 2.2 mwaka wa 2010, simu inaweza kuipa kompyuta intaneti kwa waya wa kuchajia. Kwa mashine ya Windows 7 kwenda juu, mara nyingi inakubali bila CD yoyote. Na wengi hawajui hili: simu nyingi za Android zikiwa kwenye Wi-Fi zinaweza kuipitisha hiyo Wi-Fi kwa USB, hata bila laini. Ile simu yako nzee kwenye droo inageuka kadi ya Wi-Fi. Bei yake sufuri.

Msiniambie simu inatosha. Jaribu kujaza fomu ya HELB, kuandika CV na kulinganisha kozi za KUCCPS kwa kioo cha inchi sita. Na sasa Windows 10 imekatiwa msaada tangu 14 Oktoba 2025, ofisi zitatupa mashine nyingi ambazo zingekubali Linux vizuri tu. Ziokoteni.

Ila kama unakaa Malaba karibu na mto, kabla ya kuwasha hotspoti ingia kwenye mipangilio uchague mtandao wa Kenya mwenyewe. Simu huku hupenda kuvuka mpaka bila kukuuliza, na bando la Kenya halina pasipoti.